Chakula cha Watoto Wetu Katika Njoro
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama



Halmashauri iliponiomba niseme maneno machache juu ya chakula cha watoto, nilielezwa ya kuwa baadhi ya wanachama wangependa kufahamu vitamini ni kitu gani, zapatikana wapi, na kama ni kweli kwamba mzazi asiye na fedha za kuzinunua katika duka la dawa hana la kufanya. Swali hili la mwisho nitalijibu kwanza, ili hata mzee atakayeshikwa na usingizi kabla sijamaliza arudi nyumbani na jambo moja. La, si kweli. Mtoto mwenye afya huzipata vitamini zake katika chungu cha mamaye, maadamu chungu hicho kimetiwa vitu vinavyopasa. Na hapa kwetu Njoro vitu hivyo vimejaa mashambani. Hilo ndilo linifanyalo nione habari hii kuwa ya kusikitisha zaidi kuliko kama tungekuwa tunakaa katika nchi kame.

Tazameni barabara yetu asubuhi. Malori yashuka kutoka Mau Narok yamejaa viazi, karoti, kabichi na njegere. Pikipiki zapita na mitungi ya maziwa kabla jua halijachomoza. Ngano yetu husifiwa, na kituo cha utafiti wa ngano kilichopo hapa chajulikana na wataalamu wa nchi nyingi. Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanza mwaka 1939 kama shule ya kilimo, chafundisha hata wataalamu wa lishe. Lakini mwaka 2022 hesabu ya afya ya watu wa Kenya ilipofanywa, watoto 18 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walionekana wamedumaa. Yaani kimo chao kilikuwa kifupi kupita kiasi kwa umri wao. Mwaka 2014 walikuwa 26, na katika hesabu ya 2008 na 2009 walikuwa 35. Basi tumekwenda mbele, tena sana. Lakini 18 katika 100 ni karibu mtoto mmoja katika kila watano, na mtoto aliyedumaa katika miaka miwili ya kwanza ni vigumu mno kurudishiwa kimo alichokipoteza. Wala si kimo tu, kwa maana ubongo nao hujengwa katika siku hizo hizo.

Sasa nieleze vitamini. Habari zake zilianza kwa kuku. Katika miaka ya 1890 daktari Mholanzi, Christiaan Eijkman, alikuwa katika kisiwa cha Java akichunguza ugonjwa wa beriberi, ulegezao miguu na kuudhoofisha moyo. Akaona kuku waliolishwa mchele mweupe uliokobolewa sana walilegea miguu mfano wa wagonjwa wake. Walipopewa tena mchele wenye ngozi yake ya ndani, wakapona. Mwanzoni alidhani ya kuwa mchele mweupe una sumu. Baadaye ikadhihirika kwamba haukuwa na sumu yoyote, ila umepungukiwa na kitu kilichokwenda na pumba. Mwaka 1912 Casimir Funk, mwanachuoni mzaliwa wa Poland, akavipa vitu vya namna hiyo jina hili la vitamini, na mwaka 1929 Eijkman akashiriki tuzo ya Nobel. Nawaomba wanachama wawakumbuke kuku wale kila wapelekapo mahindi yakakobolewe mpaka unga uwe mweupe kama chokaa. Kiini na ngozi viondolewavyo hapo ndivyo vyenye sehemu kubwa ya vitamini na madini ya punje, nasi huwapa ng'ombe na kuku, wakanawiri kuliko watoto.

Vitamini ni nyingi, lakini mzazi hana haja ya kuzikariri zote kama mtoto wa shule. Vitamini A huyalinda macho na kuupa mwili nguvu ya kupigana na surua na kuhara. Mtoto aliyeikosa sana hapapasi njia saa ya magharibi kwa mchezo. Macho yake hayaoni gizani. Hupatikana katika maini, maziwa na kiini cha yai, na mwili huweza kuitengeneza kutokana na karoti, malenge, viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya machungwa, na mboga za majani. Viazi hivyo vya rangi si hadithi: mwaka 2016 Robert Mwanga wa Uganda alikuwa mmoja wa watu wanne waliopewa Tuzo ya Chakula ya Dunia, naye alituzwa kwa kazi yake katika viazi hivyo. Vitamini C imo katika machungwa, mapera, nyanya, na hata katika viazi vyetu visipomenywa na kulowekwa majini usiku kucha. Za jamii ya B zimo katika nafaka isiyokobolewa, maharagwe, maziwa na nyama. Ama vitamini D, hiyo hutengenezwa na ngozi ipigwapo na jua. Twakaa zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, baridi yetu ni kali, na mtoto hufungwa mablanketi mpaka haonekani ila pua. Mtoeni nje jua linapopata nguvu, miguu na mikono ikiwa wazi, ili asije akapata matege.

Pamoja na vitamini yapo madini, hasa chuma kitengenezacho damu, kalsiamu ya mifupa, na zinki. Na juu ya hayo yote yapo mafuta na chakula kijengacho mwili, kiitwacho protini. Mtu asidhani vitamini zaweza kumsaidia mtoto mwenye njaa.

Wengi huniuliza, mbona wazee wa zamani walikuwa na nguvu, nao hawakuwa na wataalamu wa lishe? Swali hili lina haki, na jibu lake limo katika historia ya mahali hapa hapa. Wazee hawakulelewa kwa mahindi matupu. Upande wa Wagikuyu palikuwa na wimbi, mtama, njahi, viazi vikuu na nduma, na mbuzi zizini. Upande wa Wakalenjin palikuwa na wimbi, maziwa na mursik, damu, nyama na mboga za porini. Kisha yakaja mashamba ya walowezi. Watu waliokuja kufanya kazi Njoro walipewa posho, yaani unga wa mahindi uliopimwa kwa ratili, na neno hilo limebaki katika vinu vyetu hata leo. Mwanzoni maskwota waliruhusiwa kufuga mifugo yao wenyewe. Lakini katika miaka ya 1920 mifugo hiyo ikaanza kuondolewa kwa nguvu, jambo ambalo wenyewe waliliita kifagio. Sheria ya mwaka 1937, iliyoanza kutumika 1940, ikawapa mabaraza ya walowezi uwezo wa kupunguza mifugo ya maskwota zaidi. Zizi likapungua, kibaba cha unga kikabaki. Hivyo ndivyo mtoto wa Bonde la Ufa alivyotengwa na maziwa, na alivyozoezwa kufikiri ya kuwa chakula ni ugali na kwamba vitu vingine vyote ni kitoweo tu. Tena yalikuwa mahindi meupe, ambayo hayana ile rangi ya manjano iwezayo kugeuzwa vitamini A. Yale ya manjano yaliyoletwa katika ukame wa 1984 wengi waliyalalamikia, kumbe kwa jambo hili yalikuwa bora kuliko yetu.

Wako waliokwisha kuona hatari hiyo mapema. Mwaka 1931 John Orr na John Gilks walitoa taarifa ya uchunguzi wao wa Wamasai na Wagikuyu. Waliandika ya kuwa mwanamume Mmasai, aliyelelewa kwa maziwa, nyama na damu, alimpita Mgikuyu kwa kadiri ya inchi 5 za kimo na ratili 23 za uzito. Taarifa hii imetumiwa vibaya na watu wapendao kusifu kabila na kudharau jingine, nami sikuileta hapa kwa ajili hiyo. Jambo lililo muhimu kwetu ni lingine, walilolisema bila kupiga kelele: wanawake wa Kigikuyu, ambao walikula mboga za majani kwa wingi kuliko waume zao, hawakuachwa nyuma na wanawake wa Kimasai kwa kiasi kile walichoachwa wanaume. Damu ilikuwa moja, nyumba moja, shamba moja. Kilichotofautiana ni kilichowekwa sahanini. Huyo Orr ndiye aliyekuwa mkuu wa kwanza wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 1945, na mwaka 1949 akapata tuzo ya Nobel ya Amani.

Sasa nifike penye jambo lenyewe, nalo ni mtoto aachishwaye ziwa. Hatari haimo sana katika miezi sita ya kwanza, ikiwa mama amnyonyesha mtoto maziwa yake peke yake bila maji wala uji. Wala hapo hakuna haja ya kuwa na haraka ya kumwonjesha viazi vilivyopondwa, kama baadhi ya akina shosho na akina gogo wapendavyo. Hatari huingia miezi sita ikisha timia, maziwa ya mama yakiwa hayatoshi peke yake, na zaidi mama apatapo mimba nyingine. Daktari Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi katika nchi ya Ghana ya leo, aliandika mwaka 1933 juu ya watoto waliovimba miguu, ngozi ikachubuka, nywele zikageuka rangi, wakawa wanyonge wasiotaka kucheza. Mwaka 1935 akautaja ugonjwa huo kwa jina ulioitwa na Waga wenyewe, kwashiorkor, ambalo ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa mahali pake na mdogo wake. Akina mama wa Kiga walikuwa wamekwisha kutambua chanzo chake. Pwani yetu, kwa Wamijikenda, kudhoofika kwa mtoto kuliitwa chirwa, na wazazi wakashukiwa kuwa wamevunja mwiko wa ndoa. Mama akaona haya kumpeleka mtoto hospitali, maana kumpeleka ni kujishtaki. Nawasihi wazee wa Njoro, anapoonekana mtoto wa namna hiyo katika ukoo, isianzwe kwa kumhukumu mamaye. Ianzwe kwa kuuliza amekula nini jana na juzi.

Na mara nyingi jibu litakuwa: amekula uji. Uji wenyewe si mbaya. Lakini tumbo la mtoto ni dogo. Hukadiriwa kuwa laweza kuchukua mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 8 basi hushiba kwa kikombe kimoja kidogo, na kikombe hicho kikiwa cha uji mwepesi wa mahindi, ameshiba maji. Uwe mzito, usianguke haraka kutoka kijikoni, utiwe maziwa au mafuta kidogo, tena apewe mara nyingi: mara mbili au tatu kwa siku tangu miezi sita, na mara tatu au nne tangu miezi tisa, pamoja na kitu kidogo cha kutafuna katikati. Uganda, katika hospitali ya Mulago, kilianzishwa katika miaka ya 1960 kituo kiitwacho Mwanamugimu, ambacho kiliwafundisha akina mama kupika kitobero: ndizi au viazi, pamoja na maharagwe au karanga, samaki au maziwa, na mboga, vyote katika pishi moja la mtoto. Kwetu hapa, viazi vya Njoro vilivyopondwa na maharagwe yaliyoondolewa maganda, majani machanga ya terere na kijiko cha samli, ni kitobero kilicho sawa na kile. Githeri nacho ni chakula kizuri mno, ila kipondwe, kwa maana meno ya mtoto wa mwaka mmoja hayajawa tayari kwa punje za mahindi.

Hapa nasema neno juu ya ule unga wa mchanganyiko, ambao siku hizi husagwa pamoja mahindi, wimbi, soya, karanga, njugu, omena na kila kilichopatikana, mradi mama aambiwe umo uzima wote. Nauona hauna faida inayolingana na bei yake. Omena na karanga huharibika upesi katika unga, soya isiyokaangwa wala kupikwa vizuri huwasumbua watoto matumbo, na karanga au mahindi yenye kuvu huleta ile sumu ya aflatoksini iliyoua watu 125 Ukambani mwaka 2004. Wimbi peke yake lisagwe. Omena wapikwe kando, waondolewe vichwa ukipenda, wapondwe, watiwe katika chakula siku hiyo hiyo.

Sasa maziwa. Ninajua nagusa mfuko wa watu. Kikombe cha mililita 250 za maziwa huwa na protini kadiri ya gramu 8 na kalsiamu kadiri ya miligramu 300, ambayo ni zaidi ya nusu ya haja ya siku nzima ya mtoto wa miaka miwili. Wanachama wengi wa chama hiki wana ng'ombe. Lakini katika nyumba nyingi maziwa ya asubuhi yote yaenda kituo cha kukusanyia, ya jioni yaenda kwa mteja, na mtoto wa mwenye ng'ombe anywa chai ya sturungi na kipande cha mkate. Chai hiyo yenyewe yazuia chuma kisiingie mwilini, hasa inyweapo pamoja na chakula. Fedha za maziwa zalipa karo na dawa, na mimi si mtu wa kumwambia mzee asiuze. Lakini kikombe kimoja kwa siku kwa kila mtoto chini ya miaka mitano kitolewe kwanza, kichemshwe, ndipo mtungi ufungwe. Wenye umri mkubwa kidogo kati yetu hawajasahau Maziwa ya Nyayo, yaliyoanza kugawiwa katika shule mwaka 1979. Hatuna sababu ya kungoja serikali irudie hayo, na ng'ombe wako uani.

Mayai nayo yana kesi yake. Katika makabila kadha ya Afrika ya Mashariki wanawake walikatazwa kuku na mayai. Miiko hiyo imelegea, lakini hata pale ambapo haipo tena, bado yai hufikiriwa kuwa ni la mgeni au la soko. Yai moja lina gramu 6 hivi za protini. Mpeni mtoto kuanzia miezi sita, likiwa limeiva. Asali, ambayo jirani zetu wa upande wa msitu wa Mau huipata nzuri kuliko wote, isitolewe kwa mtoto kabla hajatimiza mwaka, kwa kuwa yaweza kumletea mtoto mchanga ugonjwa mbaya wa kulegea mwili.

Mboga za majani nitazisema kwa ufupi, kwa maana akina mama wazijua kuliko mimi. Managu, terere, saga, kunde, thabai: hizi zazidi kabichi mbali sana kwa chuma na vitamini A. Kosa letu ni kuzichemsha saa nzima, kisha kumwaga maji yake. Zikatwe zikisha oshwa, zipikwe kwa muda mfupi katika maji kidogo, na zitiwe mafuta, kwa maana vitamini A haiingii mwilini bila mafuta.

Mtu mmoja alinipinga kwa kusema kwamba meno ya watoto wa Njoro huwa ya kahawia kwa upungufu wa vitamini. Sivyo. Hayo ni matokeo ya fluoridi iliyomo katika maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa, itokayo katika mawe ya volkano. Shirika la Afya Ulimwenguni lashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita. Kuchemsha hakuiondoi, bali huizidisha maji yapunguapo. Kwa uji wa mtoto, maji ya mvua yaliyohifadhiwa vizuri na kuchemshwa ni bora. Na zipo chujio za makaa ya mifupa, ambazo Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imezishughulikia tangu mwishoni mwa miaka ya 1990.

Serikali nayo ina sehemu yake. Tangu mwaka 2012 wenye viwanda wamelazimishwa na sheria kutia vitamini na madini katika unga wa mahindi na wa ngano ufungwao katika pakiti. Lakini mahindi tuyapelekayo wenyewe kwenye kinu cha posho kwa kawaida hayatiwi kitu. Zahanati hutoa matone ya vitamini A bure mara mbili kwa mwaka kwa watoto wa miezi sita mpaka miaka mitano, hasa katika majuma ya Malezi Bora, mwezi wa Mei na wa Novemba. Haya hayanunuliwi, wala hayana madhara yale yanayosimuliwa sokoni.

Bwana Mwenyekiti, katika ajenda ya leo lipo pendekezo la kununua mahema mapya na viti vya mazishi kwa fedha za akiba. Mimi sipingi. Chama chetu huzika watu wake kwa heshima, na hiyo ni sifa. Naomba tu kwamba kabla kura haijapigwa, mkutano ufikirie kutenga sehemu ya fedha hizo kwa uji na maziwa ya watoto wa chekechea wanaotoka katika nyumba zisizo na ng'ombe. Na kwamba wanachama wenye ng'ombe walio tayari kutoa lita moja kwa juma waandikishe majina yao kwa Katibu. Baba zao na babu zao ndio waamuao maziwa yaende wapi, kwa hiyo nimewaambia wazee haya, sikuwaambia akina mama peke yao.

Nimeleta pia tepe za kupimia mkono, nazo ziko mezani karibu na daftari la mahudhurio. Tepe huzungushwa katikati ya mkono wa juu wa kushoto wa mtoto wa miezi sita mpaka miaka mitano. Ikisoma sentimita 12.5 au zaidi, ni kijani. Ikiwa chini ya 12.5 ni manjano, aonwe na mhudumu wa afya wa kijiji juma hilo hilo. Ikiwa chini ya 11.5 ni nyekundu, naye apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama anacheza. Tepe ni chache; naomba kila kijiji kichukue moja, na jina la aliyeichukua liandikwe.